Kibra au Kibera: Habari za Kitongoji cha Nairobi na Jina Lake

Upande wa kusini-magharibi wa jiji la Nairobi, mwendo wa kilomita tano hivi kutoka katikati ya jiji, pana kitongoji ambacho jina lake limeenea duniani kuliko majina ya miji mingi mikubwa ya Afrika ya Mashariki. Wengi wakilitaja jina hilo hutaja umaskini wake: vibanda vya udongo na mabati, vichochoro vyembamba, na reli ipitayo katikati ya makao ya watu. Habari hizo ni za kweli, lakini ni za miaka ya karibuni tu. Kitongoji hiki kina umri wa zaidi ya karne moja, na kwa sehemu kubwa ya umri huo hakikuwa mahali pa vibanda hata kidogo, bali kilikuwa msitu na mashamba ya askari wastaafu.

Jina lake huandikwa kwa namna mbili. Wengine huandika Kibera, na hivyo ndivyo lilivyozoeleka katika magazeti na ramani. Wengine, na hasa Wanubi ambao ndio waliotangulia kukaa pale, hushikilia kuwa jina sahihi ni Kibra. Mtu asiyehusika aweza kudhani kwamba hilo ni shindano dogo la herufi moja. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Nitajaribu kueleza kwanza asili ya watu waliolipa jina eneo hili, kisha asili ya jina lenyewe kwa kadiri ilimu ya lugha iwezavyo kutusaidia, kisha jinsi ardhi ile ilivyopungua na watu wake walivyoongezeka, na mwisho jinsi herufi hiyo moja ilivyopata kuwa hoja ya haki.

I. Asili ya waliotangulia

Watu waitwao Wanubi katika Kenya na Uganda hawatoki wote katika nchi ya Nubia iliyo kando ya Nile ya kaskazini, kama jina lao linavyoweza kumdanganya msomaji. Wengi wa wazee wao wa kwanza walikuwa Wabari, Wakakwa, Wamundu, Wadinka, Washilluk na watu wa makabila mengine ya kusini ya Sudani, ambao katika karne ya 19 waliingizwa katika jeshi la Misri, wengine kwa hiari, wengine kwa kutekwa. Waliishi kambini pamoja, wakaoana, wakasilimu, na kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa nayo, wakazungumza Kiarabu cha kambini, kilichorahisishwa na kugeuzwa hata kikawa lugha nyingine.

Maasi ya Mahdi yalipoikata Sudani na Misri, askari wa jimbo la Equatoria waliokuwa chini ya Emin Pasha walibaki wametengwa na ulimwengu. Emin mwenyewe aliondoka na Stanley mwaka 1889, lakini wengi wa askari walibaki karibu na Ziwa Albert chini ya Selim Bey. Huko ndiko Lugard alikowakuta mwaka 1891 alipokuwa akitafuta nguvu ya kuishika Uganda kwa ajili ya kampuni ya Kiingereza. Alichukua mamia ya askari, na pamoja nao maelfu ya wake, watoto na wafuasi. Msafara huo ulikuwa wa jeshi na wa taifa dogo kwa wakati mmoja, na jambo hilo litatufaa tutakapofika kwenye habari za ardhi: askari hawa hawakuwa na kwao pa kurudi, kwa maana kwao kulikuwa mahali popote walipopiga kambi.

Mwaka 1895 askari hao wakawa ndio msingi wa jeshi la Uganda Rifles. Miaka miwili baadaye, mwaka 1897, baadhi yao waliasi, na sababu kubwa zilikuwa ujira mdogo na safari zisizokwisha. Maasi yakazimwa, lakini Waingereza hawakuacha kuwaandika Wanubi jeshini. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wenyeji waliliita Keya, lilipoundwa mwaka 1902, Wanubi walikuwa sehemu yake tangu mwanzo, na waliendelea kulitumikia hata katika vita vya 1914 mpaka 1918, walipopigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara.

II. Makao ya msituni

Reli ya Uganda ilifika mahali pa Nairobi mwaka 1899, na mji ukaanza kukua kwa haraka. Pembeni mwa mji huo, upande wa msitu, jeshi lilikuwa na kambi yake. Mnamo mwaka 1904 askari wa Kinubi na jamaa zao walianza kuruhusiwa kukaa katika ardhi iliyokuwa karibu na kambi hiyo. Kuanzia mwaka 1912 wakubwa wa jeshi walitoa vyeti kwa askari waliotumika miaka mingi, wapate kujenga na kulima humo bila kulipa kodi ya ardhi. Kufikia mwaka 1918 eneo hilo lilikuwa limetangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, nalo, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, lilikuwa na ukubwa wa eka 4,197.

Yafaa msomaji aitazame vizuri hali ya vyeti hivyo, kwa kuwa mzozo wote uliofuata ulitoka humo. Kwa askari, ardhi ile ilikuwa malipo ya utumishi wake. Hakuwa na kiinua mgongo cha kutosha, hakuwa na kijiji cha kurudia, na serikali iliyomtumia imempa mahali pa kuzeekea. Basi alijiona kuwa amelipwa. Kwa serikali, cheti kilikuwa ruhusa tu, ya mtu mmoja kukaa mahali pasipo pake mpaka atakapoambiwa aondoke. Maneno ya cheti hayakumpa milki, na wala hayakusema mtoto wake angekuwa na haki gani. Hivyo pande mbili zilikaa miaka mingi zikitazama karatasi moja na kusoma mambo mawili.

Maisha ya Kibra ya siku hizo yalikuwa ya mashamba. Nyumba zilikuwa mbalimbali, zenye nyua. Watu walilima mahindi na mboga na kufuga ng'ombe na mbuzi. Wanawake walisuka vikapu na vifuniko vya rangi ambavyo mpaka leo ni alama ya Wanubi. Misikiti ilijengwa, na Uislamu ukawa kifungo kilichowaunganisha na Waswahili waliokaa katika vijiji vingine vya pembeni mwa Nairobi. Kadhalika yatupasa kusema, kwa kuwa kumbukumbu za serikali zimejaa jambo hilo, kwamba pombe kali iliyotengenezwa humo ilikuwa na sifa mjini kote, na wakoloni waliitumia mara nyingi kama sababu ya kutaka kijiji kiondolewe.

III. Jina

Wanubi wenyewe husema kwamba Kibra kwa lugha yao maana yake ni msitu, au nchi yenye miti mingi. Maelezo hayo yanakubaliana na hali ya mahali, na hapana sababu ya kuyakataa. Lakini mwanafunzi wa lugha hawezi kuishia hapo, kwa kuwa neno hilo halifanani na maneno ambayo Kiarabu hutumia kwa msitu. Basi Kinubi kimelipata wapi?

Jibu, kwa maoni yangu, liko katika njia waliyopita. Katika Kiganda msitu huitwa ekibira, na bila ya irabu ya mwanzo, kibira. Wingi wake ni ebibira. Neno hilo linajulikana pia katika lugha nyingine za ukanda wa maziwa makuu, na katika Burundi msitu mkubwa wa milimani huitwa Kibira mpaka leo. Wanubi walikaa Uganda miaka mingi kabla ya wengine wao kuhamishiwa Nairobi, na mpaka leo Bombo, kaskazini ya Kampala, ndiyo ngome yao kubwa. Ni jambo la kutazamiwa, basi, kwamba lugha iliyozaliwa katika kambi za Sudani ilipokea jina la msitu kutoka kwa watu wenye misitu.

Sasa na tufuate neno lenyewe. Katika Kiganda ki- ni kiambishi cha ngeli, sawasawa na ki- ya Kiswahili katika kiti na kisu, na wingi wake hubadilika. Neno lilipoingia katika Kinubi, ambacho hakina ngeli za Kibantu, kiambishi hicho kiliganda kikawa sehemu ya shina. Tena Kinubi hakilazimiki kuweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili. Mkazo ukikaa mwanzoni mwa neno, irabu iliyo katikati hudhoofika na yaweza kutoweka. Kwa njia hiyo kibira huwa kibra.

Kisha neno likafika Nairobi na kuangukia tena katika vinywa vya Wabantu: Wakikuyu, Wakamba, Waluhya na Waswahili. Hao husikia konsonanti mbili zimefuatana, b na r, na ulimi wao hupenda kuzitenga kwa irabu. Kiswahili chenyewe kina mifano mingi ya kupachika irabu katika maneno ya kigeni, ingawa siku hizi watu wa mjini wamezoea kuyaacha kama yalivyo. Hivyo ikapatikana Kibera. Kwa nini irabu e na si i, sina hakika kwamba ni kazi ya ulimi peke yake. Naona uwezekano mkubwa kwamba kalamu za makarani wa Kiingereza zilikuwa na sehemu yao. Katika karatasi za zamani za serikali tahajia zote mbili zaonekana. Ajabu ya mambo ni kwamba Mswahili atamkapo Kibera huweka mkazo juu ya irabu hiyo hiyo iliyopachikwa. Irabu iliyotoweka kwa sababu ya kukosa mkazo imerudi, na sasa ndiyo iliyoubeba mkazo wote.

Ikiwa dhana hii ni ya kweli, basi jina la kitongoji hiki ni neno la Kibantu lililochukuliwa na watu wenye lugha ya asili ya Kiarabu, likapoteza irabu yake, na kurudishwa kwa Wabantu wengine ambao hawakulitambua tena kuwa ni lao. Wale wasemao kwamba Kibera ni jina la Kibantu na Kibra ni jina la kigeni wana ukweli nusu. Na wale wasemao kwamba jina ni la Kinubi na la Kinubi tu, nao pia wana ukweli nusu.

Jambo hili si la Kibra pekee. Majina ya vitongoji vya Nairobi na vya Dar es Salaam yamejaa kumbukumbu za jeshi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni matamshi mawili ya jina moja la Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 mpaka 1918, ambao maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na taabu. Watu waendao sokoni kununua nyanya hawawakumbuki wapagazi hao. Lakini jina linawakumbuka. Ndani ya Kibra yenyewe vijiji vyake hutufundisha historia kwa mpango. Kambi Muru na Laini Saba yana harufu ya jeshi: kambi, na laini, ambalo katika Kiswahili cha askari lilikuwa neno la makao yao na la mistari yao. Mashimoni ni Kiswahili safi. Kianda ni neno la Kikuyu la mahali pa bondeni. Kisumu Ndogo latangaza kuja kwa watu wa Nyanza. Soweto latuletea habari za Afrika ya Kusini, na kijiji cha Raila chakumbusha siasa za miaka ambayo Raila Odinga alikuwa mbunge wa Langata. Akisoma majina hayo kwa utaratibu, mtu aweza kuandika mfuatano wa wahamiaji bila kufungua kitabu.

IV. Lugha ya Kibra

Kinubi kimeandikiwa vitabu vyema. Bernd Heine alitoa mwaka 1982 kitabu juu ya lugha ya Kinubi ya Kibera, na baada yake Ineke Wellens aliandika juu ya Kinubi cha Uganda, na Xavier Luffin juu ya Kinubi cha Mombasa. Wataalamu hao wamekubaliana kwamba Kinubi si Kiarabu kilichoharibika, bali ni lugha kamili yenye sarufi yake.

Nitatoa mfano mmoja mdogo. Katika Kiarabu kitenzi hubadilika kwa kubadilisha irabu ndani ya shina lake, na pia kwa kufuata nafsi. Katika Kinubi shina halibadiliki. Mtu husema ana gi rua, yaani ninakwenda. Ita gi rua, unakwenda. Uo gi rua, anakwenda. Akitaka kusema atakwenda baadaye, huondoa gi na kuweka bi: ana bi rua, nitakwenda. Mswahili ataona mara moja kwamba gi na bi hufanya kazi inayofanana na ya na na ta katika lugha yake, na asiyejua Kinubi atachekeshwa kusikia kwamba ana maana yake ni mimi. Lugha hii, iliyoachwa ijitengeneze yenyewe kambini kwa muda mfupi, ilipata njia nyepesi na iliyo wazi ya kupanga nyakati za kitenzi.

Kiswahili kimeingia katika Kinubi kwa nguvu, na sababu ya kwanza ni jeshi. Kiswahili kilipokuwa lugha ya amri katika King's African Rifles, kilizuka Kiswahili cha kambini ambacho wataalamu wamekiita KiKAR, chenye upatanisho mchache wa ngeli. Mwalimu wa pwani alikidharau, lakini kilieneza Kiswahili mahali ambapo waalimu wa pwani hawakufika. Sababu ya pili ni msikiti na chuo, na ya tatu ni ujirani. Leo mtoto wa Kinubi wa Kibra huzungumza Kiswahili na Sheng na wenziwe, Kiingereza shuleni, na Kinubi nyumbani ikiwa nyanya yake yungali hai.

V. Ardhi kupungua na watu kuongezeka

Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibra kwa utawala wa kiraia, na tangu hapo utoaji wa vyeti ukakoma. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Carter, ambayo ilifanya kazi yake mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliwasikiliza Wanubi. Iliona kwamba serikali inao wajibu kwa wale askari wa zamani, ama kuwarudisha kwao ama kuwapa mahali pengine panapofaa. Lakini haikukubali kwamba ardhi ile ni milki yao. Kisheria walihesabiwa kuwa wapangaji wa hisani katika ardhi ya Mfalme.

Shida yao ilikuwa kubwa kuliko ya wengine kwa sababu moja. Utawala wa kikoloni uligawa nchi kwa makabila, na kila kabila likapewa eneo lake. Mnubi hakuwa na eneo. Katika vitabu vya serikali aliitwa Msudani, yaani mgeni, hata kama yeye na baba yake walizaliwa Kibra. Hakuweza kuambiwa arudi kwao katika Kenya, maana hakukuwa na kwao. Na hakuweza kuruhusiwa kukaa alipo, maana hapakuwa pake. Vijiji vingine vya zamani vya Waafrika katika Nairobi vilibomolewa mmoja baada ya mwingine, na watu wakapelekwa Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani ilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Kibra ilinusurika, na sababu mojawapo ni kwamba serikali haikuona pa kuwapeleka askari wazee na wajane wao bila kuingia gharama. Lakini waliobaki hawakuruhusiwa kujenga nyumba za kudumu. Tangu hapo kitongoji kilikaa katika hali ya muda, na hali hiyo ya muda imedumu karibu miaka 100.

Huku nyuma ardhi ilimegwa kidogo kidogo. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 katika bonde la kusini. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, ardhi ya Mfalme ikawa ardhi ya serikali, na mpangaji wa hisani akabaki kuwa mpangaji wa hisani. Mitaa ya nyumba za mawe ikajengwa mahali palipokuwa mashamba: Olympic, Ayany, Fort Jesus, Ngei, Otiende na mingineyo. Wachache tu wa watu wa Kibra walipata nyumba hizo.

Wakati huo huo wahamiaji wa kutoka mashambani waliongezeka. Sheria zilizomzuia Mwafrika kukaa mjini bila kazi zilikuwa zimeondoka, na Kibra ilikuwa karibu na viwanda, na karibu na majumba ya matajiri yaliyohitaji watumishi. Mnubi aliyekuwa na uwanja alijenga safu za vyumba akapangisha. Baadaye watu wengine, wengi wao wasio Wanubi na wengine wasiokaa Kibra kabisa, walipewa idhini za mdomo na watawala wa mahali, nao wakajenga vyumba vya futi 10 kwa 10 vya kupangisha. Kufikia miaka ya 1980 sura ya kitongoji tuijuayo leo ilikuwa imekamilika: mpangaji Mluo, Mluhya, Mkamba au Mkisii, mwenye nyumba Mnubi au Mkikuyu, na mwenye ardhi serikali.

Hali hiyo ilikuwa kama nyasi kavu. Mwishoni mwa mwaka 2001, baada ya maneno ya wakuu wa siasa juu ya kupunguzwa kwa kodi za nyumba, wapangaji na wenye nyumba walipigana, na watu wakauawa. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Kibra iliumia tena, na reli yenyewe iling'olewa. Wenye kuandika habari walisema ni vita vya makabila. Yalikuwa na ukabila ndani yake, bila shaka; lakini chini ya ukabila palikuwa na swali la vyeti vya 1912, ambalo halikujibiwa.

Hata idadi ya watu imekuwa jambo la kubishaniwa. Kwa miaka mingi ilisemwa ulimwenguni kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Wengine waliikataa hesabu hiyo, lakini yatufundisha kwamba mahali paweza kuwa mashuhuri sana bila kujulikana.

VI. Herufi moja

Katika karne hii ya 21 mambo yameanza kubadilika. Sensa hiyo ya 2009 iliwaandika Wanubi kama jamii yenye jina lake, badala ya kuwatia katika fungu la wengineo. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewavunjia haki watoto wa Kinubi katika jambo la uraia, kwa maana vijana wao walitakiwa kupita katika uchunguzi mrefu kabla ya kupewa vitambulisho, mambo ambayo vijana wa makabila mengine hawakutakiwa. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi mwingine uliogusa pia ardhi ya Kibra. Katika uchaguzi wa 2013 eneo hili lilipata kiti chake cha ubunge, likitengwa na Langata, na kiti hicho kikaitwa Kibra, bila e. Na mwaka 2017 serikali ilitoa hati ya eka 288 kwa jamii ya Wanubi.

Eka 288 katika eka 4,197 ni chini ya sehemu saba katika mia. Mtu aweza kusema ni kidogo mno. Lakini kwa mara ya kwanza karatasi moja ilisomwa namna moja na pande zote mbili, na katika habari za ardhi hilo si jambo dogo.

Hata hivyo yatupasa kuwa waadilifu. Mpangaji aliyezaliwa Gatwekera au Silanga, ambaye mama yake pia alizaliwa huko, naye hana kwao pengine, ingawa watawala humwambia kwamba kwao ni Siaya au Kakamega. Mwezi wa Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa ili kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong na Langata, na maelfu ya watu, Wanubi na wasio Wanubi, wakalala nje. Tingatinga halikuuliza nani husema Kibra na nani husema Kibera. Hoja ya Mnubi, kwamba mtu aliyekaa mahali kwa vizazi vinne hawezi kuitwa mgeni, ni hoja njema. Na kwa kuwa ni njema, itamfaa na jirani yake siku zake zitakapotimia.

Tukirudi kwenye jina, sasa msomaji ataona kwa nini Mnubi hukasirika anaposahihishwa na kuambiwa aandike Kibera. Haoni irabu tu. Aona kwamba jina likikubaliwa kuwa la Kinubi, basi imekubaliwa kwamba Wanubi ndio waliolitaja kwanza, na aliyetaja mahali kwanza alikuwako kwanza. Ilimu ya lugha haiwezi kumpa mtu eka moja. Wala haifai kuitumia kama wakili. Yaweza tu kutoa ushahidi, na ushahidi wake ni huu: jina lilipita katika kinywa cha Kinubi, na alama ya kinywa hicho ni kule kukosekana kwa irabu. Tahajia ya Kibra huihifadhi alama hiyo. Tahajia ya Kibera huifuta. Kwa sababu hiyo mimi, nizungumzapo habari za kale za kitongoji hiki, huandika Kibra. Na nizungumzapo habari za leo sioni kosa kuandika kama waandikavyo wakaao humo, nao hawaandiki wote namna moja.

Kazi iliyobaki ni nyingi. Sarufi ya Kinubi imeandikwa, lakini majina ya mahali ya ndani ya Kibra hayajakusanywa kwa utaratibu: majina ya visima, ya miti, ya mashamba yaliyomezwa na nyumba za mawe, na ya vichochoro ambavyo hubadilishwa jina kila baada ya uchaguzi. Kadhalika panahitajiwa kulinganisha maneno ya miti na ya kilimo katika Kinubi cha Kibra, cha Bombo, cha Kibos na cha Eldama Ravine, ili tujue ni maneno mangapi yalifuata njia ile ile ya kibira. Wazee wanaoyajua hupungua kila mwaka. Wanafunzi wetu wa Nairobi hawahitaji nauli kubwa kwa kazi hiyo. Wengi wao wanaweza kufika kwa miguu.